Kalenda ya korti si kalenda ya shule

Hii ni hotuba ya afisa wa elimu na basari wa wadi, aliyoitoa mwezi Agosti 2025 katika kikao cha wazazi na wanafunzi kabla ya vyuo vikuu kufunguliwa. Tunaichapisha kwa ajili ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimeombwa nieleze jinsi maamuzi ya korti na mipango ya serikali yanavyomgusa mwanafunzi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nadhani litafundisha kuliko kifungu chochote cha sheria.

Mwaka jana kijana mmoja wa wadi hii alipata nafasi ya chuo kikuu. Yeye na mama yake wameniruhusu niseme habari yake bila kutaja jina. Aliomba ufadhili na mkopo wa serikali, akawekwa katika kundi ambalo familia hulipa sehemu kubwa. Mama yake anauza mboga sokoni. Waliuza mbuzi, jamaa wakachanga, akaripoti chuoni Septemba akiwa amelipa sehemu ya karo. Alikuwa anajiandaa kukata rufaa ili abadilishiwe kundi.

Tarehe 3 Oktoba 2024, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda mfumo huo mpya wa kufadhili vyuo vikuu. Mama alisikia kwenye redio, kesho yake akaja ofisini kwangu. Akaniuliza, "Sasa tufanye nini?" Nikamjibu kwa ujasiri, "Mama, ngojeni. Korti imeusimamisha. Karo itarudi ile ya zamani. Msihangaike na rufaa, wala msikope pesa za kumalizia."

Wakangoja. Mitihani ilipofika, kijana alizuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya deni. Akarudi nyumbani. Tarehe 20 Desemba, Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wake kwamba mfumo ule unakiuka Katiba. Tulifurahi sana siku hiyo. Lakini mtihani ulikuwa umeshapita. Mwaka huu wa 2025 Mahakama ya Rufaa nayo ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi wa Mahakama Kuu mpaka rufaa isikizwe, na mfumo ukaendelea. Deni la kijana lilikuwa palepale. Mwezi ujao anaanza tena mwaka wa kwanza, wenzake wakiwa wa pili.

Sikumdanganya mama kwa makusudi. Niliichukua habari ya redio kama mwisho wa kesi. Jambo ninaloomba mbebe kutoka hapa leo ni moja: kalenda ya korti si kalenda ya shule. Kesi inaweza kwenda miaka. Muhula ni miezi mitatu au minne. Mwanafunzi akisimamisha masomo yake kungoja kesi iishe, yeye ndiye anayeumia, hata kama mwishowe kesi itaamuliwa upande wake.

Niwape mfano mwingine. Mwaka 2014 kulianza kesi kuhusu shule moja ya Isiolo, kama wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikataa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikasema waruhusiwe. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo wa rufaa, na sababu kubwa ilikuwa namna ombi hilo lilivyoletwa kortini. Majibu matatu kutoka mahakama tatu. Msichana aliyekuwa Kidato cha Kwanza kesi ilipoanza alikuwa amemaliza Kidato cha Nne mwaka 2017, kabla ya neno la mwisho kusemwa.

Kwa hiyo mkisikia "korti imeamua", ulizeni maswali matatu kabla ya kufanya lolote.

La kwanza, ni korti gani? Mahakama Kuu ikiamua, upande ulioshindwa unaweza kwenda Mahakama ya Rufaa. Kutoka hapo, kesi zinazohusu tafsiri ya Katiba zinaweza kufika Mahakama ya Juu.

La pili, ni amri ya muda au ni uamuzi wa mwisho wa korti hiyo? Amri ya Oktoba ilikuwa ya muda. Ilisema tu, simameni kwanza tusikize. Haikusema karo irudi shilingi 16,000 kwa mwaka kama zamani. Hayo niliyaongeza mimi.

La tatu, inaanza kufanya kazi lini, na kuna amri nyingine iliyoisimamisha? Chukueni hazina ya maendeleo ya maeneobunge, ile NG-CDF, ambayo watoto wetu wengi hupata basari kwayo. Septemba 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba sheria yake inakiuka Katiba. Siku ile ile watu walianza kusema basari za mbunge zimekwisha. Lakini uamuzi wenyewe uliipa hazina muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Rufaa ikakatwa. Julai mwaka huu Bunge la Taifa nalo likapitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo katika Katiba. Kwa hivyo leo, Agosti 2025, ofisi ya eneobunge ikitangaza fomu, chukueni mjaze. Aliyekaa nyumbani kwa sababu alisikia hazina imefutwa, amejinyima mwenyewe.

Sasa nije kwenye basari ya kaunti, maana najua wengi mmekuja kwa sababu hiyo.

Mnakumbuka Januari mwaka huu. Shule zilikuwa zinafunguliwa, fomu zenu zimejaa mezani kwangu. Ndipo Msimamizi wa Bajeti alipoandikia kaunti zote kwamba zisitumie pesa kwa kazi ambazo si zao, basari ikiwemo, mpaka kuwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Baraza la Magavana lilipinga, na suala likafika kortini. Katikati ya mvutano huo mlikuja hapa mkiniuliza kwa nini hundi hazijatoka. Wengine mlidhani tumezila.

Sababu iko katika Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti imepewa shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi, za upili na vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti ikitaka kumlipia karo mtoto wa shule ya upili, inafanya kazi ya serikali nyingine. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine, lakini kwa makubaliano. Makubaliano ndiyo yaliyokuwa yanadaiwa.

Mzazi ana haki ya kusema, "Hayo ni yenu wakubwa, mtoto wangu amefukuzwa." Ni kweli. Mwalimu mkuu hawezi kununua unga kwa barua ya Nairobi. Ndiyo maana ninawasihi: msiifanye basari kuwa mpango wa kwanza wa karo. Ifanyeni iwe nyongeza. Na shule inapofunguliwa, nendeni mkaonane na mwalimu mkuu mapema, mkubaliane kwa maandishi mtalipa nini na lini. Shule nyingi humvumilia mzazi aliyekuja kuliko yule aliyenyamaza.

Kuna pia pesa ambazo serikali hupeleka shuleni moja kwa moja. Kiwango kilichowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai mwaka huu Waziri wa Hazina Kuu, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba bajeti haitoshi kutoa kiwango hicho chote. Hapo hakuna korti iliyoamua lolote. Ni pesa tu zimepungua. Lakini kwa mwanafunzi matokeo ni yale yale: chaki zinakosekana, na shule inaanza kuomba mchango hapa na pale. Mkiitwa mkutano wa wazazi, hudhurieni. Ulizeni shule imepokea kiasi gani muhula huu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali.

Kwa wale wanaoenda chuo kikuu Septemba, nisikilizeni vizuri. Mfumo ulivyotangazwa una makundi matano. Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Aliye kundi la kwanza, familia yake hulipa asilimia 5, yaani shilingi 10,000. Aliye kundi la nne hulipa asilimia 30, yaani 60,000. Aliye kundi la tano hulipa asilimia 40, yaani 80,000. Kwa familia nyingi za hapa, hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kubaki nyumbani. Kwa hiyo jazeni ombi kwa ukweli na kwa ukamilifu. Kama baba amefariki, ambatanisheni cheti cha kifo. Kama mlifadhiliwa na shirika mkiwa shule ya upili, semeni. Mkiwekwa kundi lisilowafaa, kateni rufaa mara moja, msingoje kesi yoyote. Kijana wetu angefanya hivyo Oktoba mwaka jana, huenda leo angekuwa mwaka wa pili.

Msinielewe vibaya mkadhani nasema korti hazina faida. Ningekuwa nawapotosha mara ya pili. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule moja ya upili ya Nairobi ilikosea kumfukuza msichana wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake, na msichana huyo akasoma. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini za mkopo wa HELB haziwezi kuzidi kiasi chenyewe kilichokopwa. Kumbukeni faini ya kuchelewa kulipa ilikuwa shilingi 5,000 kila mwezi. Kulikuwa na watu waliokopa kidogo na kudaiwa mlima. Waliopeleka kesi hiyo kortini walikuwa wakopaji wenyewe, raia kama nyinyi. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda kortini haki yake inapovunjwa.

Kwa hiyo daini haki zenu, lakini mtoto aendelee kusoma wakati mnadai. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja.

Kabla sijakaa, kuna kazi ndogo ya kufanya mkifika nyumbani. Kila mwanafunzi awe na bahasha moja. Ndani yake weka nakala ya cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi au cheti cha kifo, barua ya kukubaliwa shuleni au chuoni, muundo wa karo, risiti zote, na nakala ya kila fomu uliyojaza ikiwa na tarehe. Korti ikibadilisha mambo, au serikali ikifungua maombi kwa siku kumi pekee, mwenye bahasha ndiye anayewahi. Wenye maswali ya mkopo, HELB ina dawati katika vituo vya Huduma. Wasio na simu ya intaneti, njooni ofisi ya wadi tujaze pamoja. Hakuna malipo, na akiwaomba mtu pesa hapa, niambieni mimi au Mheshimiwa.

Na kwa upande wetu, tumekubaliana ofisini jambo moja. Kukitokea uamuzi wa korti unaohusu karo au basari, tutabandika kwenye ubao wa wadi karatasi yenye majibu ya yale maswali matatu. Mpaka karatasi hiyo ibandikwe, hakuna afisa atakayemwambia mzazi "ngojeni", nami nikiwa wa kwanza.

Mama wa yule kijana ameketi pale nyuma. Nilimwomba msamaha nyumbani kwake mwezi Machi. Leo naomba tena, mbele yenu. Alinijibu kwamba msamaha ameshatoa, lakini akaniomba nisimwache mama mwingine akaingia shimo lile lile. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

 Sasa ni zamu yenu ya kuuliza.