Hotuba ya Karani kwa Wanachama wa Lindi, Kibera



Binti yetu amenyimwa nafasi ya udaktari mara mbili. Baadhi yenu mwataka tuchange aende ng'ambo. Wengine, arudie Kidato cha Nne. Kwa heshima, nayakataa yote mawili. KMTC, chuo kilichoanzishwa mwaka 1927, hufundisha matabibu kwa miaka mitatu, nao hutibu kwa leseni yao wenyewe. Watoto wetu wenye homa huonwa na nani, kama si hao? Mimi nami nilikataliwa zamani, nikakaa mwaka mzima nikingoja barua. Mwaka ule sikurudishiwa. Binti nimemwuliza, yu tayari, ingawa alilia kwanza. Naomba kura ipigwe leo, kabla maombi hayajafungwa.