Posho ya Mwaka wa Arusi

Wanangu, salamu zimekwisha kutolewa na mashehe walionitangulia, na wajibu wa mume na mke mmeusikia katika hutuba ya nikahi. Mimi nitasema juu ya fedha, maana ndizo zilizomtenga jirani yetu mmoja wa Mohoro na mkewe, hali walipendana hata wakawa wakitolewa mfano.

Bwana yule alikata posho siku ya arusi, akaapa kwamba haitapungua. Na wallahi haikupungua, wala haikuzidi. Watoto walizaliwa, sukari ikapanda, mafuta ya taa yakapanda, naye kila Ijumaa huweka mezani fedha ile ile kwa fahari ya mtu mwaminifu, na mkewe akiomba nyongeza humjibu: “Nimevunja neno langu lini?”

Nanyi ni wenyeji wa Rufiji, mto huu mnaujua. Wazee wetu walipanda mpunga kabla ya maji ya masika kufika, na yalipopwa wakalima mlau katika tope lile lile, mahindi na kunde. Hakuna aliyekwenda kuudai mto ukingo wa mwaka jana, kwa kuwa gharika hulila shamba la huyu ikamwachia yule udongo wenye rutuba. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni, wakajifunza kuishi mwinukoni. Hata kivuko cha Ndundu, tulikolala tukingoja zamu huku mbu wakitufaidi, kilikoma kazi yake daraja lilipofunguliwa 2003, wala sijasikia mtu akikililia.

Basi bwana yule, mkulima hodari aliyeyafuata maji kila msimu, nyumbani kwake aliutaka mwaka wa arusi usipite! Bibi naye hakuwa malaika: alikuwa akimtafuta yule kijana wa arusini mwenye kanzu ya hariri, akamnunia mzee aliyerudi shamba na mgongo unaouma. Mwisho alirudi kwao na masufuria yote, akamwachia meza.

Bwana arusi, nitazame! Uliloahidi leo ni kumlisha mke, hukuahidi tarakimu. Nawe Bibi arusi, mavuno yakiharibika usimdai mumeo matumizi ya mwaka wa neema.

Kila Idi ya Mfunguo Mosi, kabla hamjatoka kuwatembelea jamaa, kaeni wawili mkate posho upya kwa bei za siku hizo, iongezwe au ipunguzwe. Na mama mkwe yeyote akibisha hodi saa hiyo, mwambieni kwa adabu arejee baada ya alasiri.