Mafaili yanapokwama njiani kwenda kwa ruta



Wengi wanasema mafaili yanakwama sababu megabaiti zimeisha. Hapana. Kutoka kwa ordinatere mpaka kwa flashi iliyochomekwa kwenye ruta, hakuna megabaiti ya kununua. Intaneti ya Pepa inaweza kulala, kazi inaendelea.

Tuanze na kebo. Taa yake kwenye ruta haiwaki? Badilisha kebo. Inawaka, lakini kunakili kunakatika? Angalia betri ya sola. Umeme ukishuka, ruta inazimika na kuwaka tena, folda inabaki nusu. Fishi ya mama fulani aliyerudi kutoka Zambia haimo, na siku ya mgao anasimama pembeni huku wenzake wanaitwa.

Kwa hiyo musikate-na-kubandika, tafadhali! Nakilini, linganisheni hesabu ya mafaili na ukubwa pande zote mbili, fungueni mawili matatu ya kule, ndipo mufute ya zamani.

Kama video kubwa tu ndiyo inakataa, pengine flashi ni ya FAT32: faili moja halipiti gigabaiti 4. Igaweni vipande. Kuformati flashi kunafuta fishi zote.