Mtoto Anayerudi Kila Siku kwa Nesi

Ifuatayo ni hotuba ya muuguzi wa shule ya bweni, aliyoitoa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia za Handeni na Korogwe pamoja na wafadhili.



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo sisi wauguzi wa shule hulijadili karibu kila tunapokutana: wanafunzi wanaokuja kwetu mara kwa mara bila ugonjwa unaoonekana. Walimu wanalalamika kwamba vipindi vinapotea. Viranja wanasema watoto wanatega. Na baadhi yenu mmeuliza kwa nini dawa za maumivu mnazochangia zinakwisha kabla ya muhula kwisha. Maswali hayo yote ni ya haki.

Hali ilivyo

Shule nyingi za kutwa hazina muuguzi. Kazi hiyo huangukia mwalimu wa afya, ambaye ana vipindi vyake vya kufundisha. Shule za bweni zikibahatika huwa na muuguzi mmoja au matroni. Tangu Januari 2016, Serikali ilipoondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, madarasa yamejaa, na foleni mlangoni kwa nesi imeongezeka. Kichwa, tumbo, kizunguzungu. Wengi wanaosimama katika foleni hiyo hawahitaji dawa.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza, asiye mgonjwa huchukua muda wa aliye mgonjwa. Ya pili ni kubwa zaidi: muuguzi akishazoea kusema "hawa wanatega", anaacha kutazama. Siku hiyo mtoto mwenye malaria kali atapewa vidonge viwili vya panado na kurudishwa darasani.

Kichwa kinachouma si lazima kiwe malaria

Wazee wetu wa Korogwe wanakumbuka miaka ambayo kila homa ilihesabiwa kuwa malaria, na mara nyingi ilikuwa kweli. Watafiti waliofuatilia vijiji vya Korogwe kati ya 2003 na 2008 waliona mabadiliko makubwa. Katika kijiji kimoja cha bondeni, watoto na vijana waliokutwa na vimelea vya malaria walipungua kutoka takribani 78 katika kila 100 hadi takribani 13. Vyandarua na dawa mpya ya mseto vilikuwa sehemu ya mapambano hayo.

Hiyo ni habari njema, lakini imetuongezea kazi. Malaria bado ipo na bado inaua, kwa hiyo kila mwenye homa apimwe kwa kipimo cha haraka, hata kama ni mara yake ya tano mwezi huu. Kipimo kikionyesha hana malaria, kazi haijaisha. Tunabaki na swali: kama si malaria, ni nini kimemleta?

Daftari linasema

Jibu nimelipata katika daftari la kawaida la kaunta buku. Usiandike jina na dawa peke yake. Andika pia saa aliyokuja, ametoka kipindi gani, na mara ya mwisho alikula nini. Kila Ijumaa lisome.

Utaona mambo. Wanaokuja saa nne asubuhi wakishika tumbo, wengi hawajatia kitu kinywani tangu jana jioni. Kwa upande wa Handeni, wakati wa kiangazi, wapo walioamka alfajiri kwenda lamboni kuchota maji kabla ya kuja shule. Kizunguzungu chao ni njaa na kiu. Wapo wanaokuja siku ya kipindi kimoja tu kila wiki. Hao wanaogopa kitu, huenda ni fimbo, huenda ni hesabu.

Wasichana wanaokuja kila mwezi tunawajua. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Lakini hata mwenye taulo atafanya nini katika choo kisicho na mlango wala maji? Anakuja kwa nesi kwa sababu ndiko kwenye mlango unaofungwa.

Tena yupo yule anayeitwa mvivu kuliko wote. Katika shule moja niliyofanya kazi, binti wa kidato cha pili alikuja mara nyingi akilia miguu na mikono. Hana homa, hana uvimbe. Wenzake walimcheka. Daftari lilionyesha kwamba anakuja baada ya michezo, au siku za baridi, au siku ambazo maji yamekatika shuleni. Alipopelekwa hospitali na kupimwa damu, alikutwa na sikoseli. Ndugu zangu, kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu. Maumivu yake hayaonekani kwa macho, na huchochewa na baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini. Je, ni wangapi wamefika sekondari wakiitwa wavivu?

Wakija kwa kundi

Wakati mwingine haji mmoja, wanakuja ishirini, wakianguka na kupiga kelele. Jambo hili si geni. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha mkoani Kagera, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walipochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Hata hivyo wasichana wale hawakuwa wanaigiza.

Yakitokea kwenu, wahakikishieni usalama kwanza: chunguzeni chakula na maji, pimeni homa. Kisha watenganisheni kwa upole bila kuwakusanyia watazamaji. Msiwachape. Anayetaka kuwaombea awaombee kwa utulivu. Baadaye ulizeni ni mzigo gani unaowalemea watoto hao.

Tunachokifanya

Kwanza, tuweke saa maalumu za kumwona nesi, kabla ya vipindi na baada ya vipindi. Lakini homa kali, kutapika, degedege, kushindwa kupumua, kutokwa damu, au maumivu kwa mtoto mwenye sikoseli havina saa.

Pili, kiranja asipewe kazi ya kuamua nani mgonjwa. Kazi yake ni kumleta.

Tatu, tusitoe panado ili mtoto aondoke. Ukimpa kidonge asiye na ugonjwa, umemfundisha kurudi kesho.

Nne, anayekuja mara ya tatu kwa jambo lile lile aketishwe na kusikilizwa faraghani. Wapo wanaokimbia kipigo au jambo baya zaidi, nyumbani au shuleni. Hayo yafike kwa afisa ustawi wa jamii, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure.

Ombi letu kwenu

Mkoa wetu wa Tanga ulishaonyesha kwamba afya ya mwanafunzi haihitaji daktari kila siku. Miaka ya 1990, kupitia mradi wa UKUMTA, walimu wa shule za msingi walifundishwa kugawa dawa za minyoo na kichocho, na kazi ikafanyika.

Kwa hiyo, ndugu wafadhili, asanteni kwa dawa, lakini safari hii naomba tenki la kuvunia maji ya mvua na choo chenye mlango. Kamati za parokia, naomba mkae na wazazi mpange debe la mahindi kwa kila nyumba baada ya mavuno, ili uji wa saa nne upatikane. Wazazi, mtoto akiandikishwa shule, tuambieni kama ana sikoseli, pumu au kifafa. Msifiche kwa aibu.

Mkifanya hayo, foleni mlangoni kwangu itapungua, nami nitapata muda wa kumtazama vizuri yule mmoja anayeumwa kweli.