Kisu cha Kukunja: Kikague Kabla Hakijakukata

Tumezoea kuzungumza juu ya josho, chanjo na malisho. Leo tuzungumze juu ya kisu cha kukunja kilicho mfukoni mwako.

Kisu hicho kinakata kamba, kinachonga fimbo na kuchuna ngozi. Bapa lake likifunguliwa hushikwa na loki, yaani kipande kidogo cha chuma ndani ya mpini. Loki ikilegea, bapa hujikunja ghafla, na linakojikunjia ndiko vidole vyako viliko.

Kosa la kiwandani kwenye loki si rahisi kuliona wakati wa kununua. Huko Marekani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imewahi kutangaza visu vya kukunja virudishwe kwa sababu loki zake hazikushika. Kwetu Tanzania, Shirika la Viwango (TBS), chini ya Sheria ya Viwango ya 2009, lina mamlaka ya kuondoa sokoni bidhaa zisizokidhi viwango. Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, humlinda mlaji.

Lakini tuambiane ukweli. Tangazo la namna hiyo humsaidia mwenye risiti na anayejua jina la kiwanda. Kisu ulichonunua mnadani, kimetandazwa juu ya turubai pamoja na tochi na betri, hakina risiti, na muuzaji kesho yuko mnada mwingine. Kwa hiyo mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenyewe.

Kagua hivi:

1. Safisha mfereji wa mpini. Damu iliyokauka, mafuta na mchanga huzuia loki isishike.
2. Fungua kisu, tikisa bapa taratibu. Likicheza, kaza skrubu. Likiendelea kucheza, kisu hicho hakifai.
3. Shika mpini kwa pembeni, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Kandamiza mgongo wa bapa polepole juu ya gogo. Likijikunja, acha kukitumia siku hiyo hiyo.
4. Kama kisu hakina loki kabisa, usikitumie kuchoma wala kusukuma kwa ncha.

Kisu kilichoshindwa mrudishie aliyekuuzia ukimpata, na waonye wenzako walionunua cha aina hiyo. Usimpe mtoto anayechunga ndama kwa sababu wewe umepata kipya. Usikiuze pia. Kuchinja na kuchuna tumia kisu kisichokunjwa, chenye mpini imara. Kuhasi mwachie afisa mifugo mwenye burdizo.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kidole cha mfugaji hukatika kikiwa ndani ya damu ya mnyama. Jeraha hilo ni mlango wa kimeta, brusela na pepopunda. Mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, usimpasue wala usimchune, hata kama kisu chako ni kizima. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi. Zuia mbwa na watoto, kisha mwite afisa mifugo.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe, kwani ndimo pepopunda hupitia. Nenda zahanati, uliza chanjo ya pepopunda, na mweleze mganga ulikuwa unamshughulikia mnyama gani na alikuwa na hali gani. Kidonda kikitokea chenye kovu jeusi katikati, hata kama hakiumi, usisubiri. Kimeta cha ngozi hutibika kwa dawa kikiwahiwa.

Ukinunua kisu kingine, nunua dukani, kifungue na kukijaribu hapo hapo, na udai risiti. Risiti ndiyo itakayokuwezesha kukirudisha.

Jioni hii, mifugo ikishaingia zizini, kusanyeni visu vyote vya nyumbani, vya vijana pia, mvikague kimoja kimoja. Mchungaji aliyekatika vidole hawezi kukamua wala kufunga kamba.