Mfumo Mkongwe na Mfumo Mpya Ndani ya Kompyuta Moja: Mada kwa Mafundi, Wenye Steshenari na Mawakala wa Forodha wa Tunduma



Kompyuta nyingi tunazozihudumia hapa mpakani ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika kwingine. Mashine ya mezani iliyotengenezwa mwaka 2010 kwa ajili ya ofisi ya Ulaya, yenye bodi ngumu na vipuri vinavyofunguka bila kuvunjika, bado inaweza kuchapa barua, kuskani pasipoti na kujaza fomu za mizigo kwa miaka kadhaa. Kinachoishiwa umri mapema ni mfumo endeshi wake. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ya mwaka 2009 ilifikia mwisho tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025; watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwenye muda wa nyongeza wanasogezwa hadi 13 Oktoba 2026 tu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Mashine nyingi za mitaa ya Sogea na Majengo haziufikii mlango huo.

Msimamo ninaouleta mbele yenu ni mmoja. Mfumo mkongwe ubaki pale tu penye kifaa au programu isiyokubali mfumo mwingine, na ukibaki, usiguse intaneti. Kazi za mtandaoni zikabidhiwe mfumo unaoendelea kupata masasisho, ambao kwa mashine hizi ni Linux. Yote miwili inaweza kukaa kwenye kompyuta moja, mtumiaji akachagua wakati wa kuwasha, iwapo fundi amepanga diski kwa utaratibu na anaendelea kuitunza.

Kwa nini tusifute tu

Wapo wanaosema XP na Windows 7 zifutwe zote. Wanaosema hivyo hawajasimama mbele ya mteja mwenye printa ya doti inayochapa nakala tatu kwa kaboni kupitia tundu la pini 25, au skana nzima kabisa ambayo kiwanda hakikuitengenezea draiva tena baada ya XP. Kwenye ghala, liwe la mahindi Momba au la kahawa Mbozi, unaweza kukuta mizani inayotuma uzito kwa waya wa pini 9 kwenda kwenye programu ambayo aliyeiandika hapatikani tena. Ukifuta mfumo, umekiua na kifaa. Na mwenye kifaa hana fedha ya kununua kingine kwa sababu ya ushauri wetu.

Lakini wapo pia wanaoiacha XP kwenye mtandao kwa hoja kwamba "haijawahi kusumbua". Hawa ndio wanaonitia hofu zaidi. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiliruka kutoka mashine hadi mashine kupitia huduma ya kushirikiana mafaili, bila mtu yeyote kubofya kitu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Wenye mashine hawakukiweka. Siku iliyofuata Microsoft walilazimika kutoa kiraka hata kwa XP, miaka mitatu baada ya kuiacha.

Steshenari ya Tunduma ina pasipoti zilizoskaniwa, vitambulisho, leseni za madereva wa malori, ankara za wafanyabiashara wa Tanzania na Zambia. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na anayetunza taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Sioni namna mtu atakavyojitetea kwamba alizilinda ndani ya mfumo ulioachwa mwaka 2014 huku umeunganishwa na intaneti.

Zaidi ya usalama, mfumo mkongwe unafungiwa milango taratibu. Chrome ya mwisho kwa XP ni toleo la 49, Firefox ya mwisho ni 52. Kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109. Mfumo wa forodha wa TANCIS unafunguliwa kwa kivinjari, na huduma nyingine nyingi za Serikali vilevile. Kivinjari kikikataliwa, lori linasubiri, na kila saa ya kusubiri ina gharama.

Kupanga diski

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwenye mashine za zamani zenye BIOS, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni programu ya kuwashia, 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, na 2 za mwisho ni alama. Kila patisheni inachukua baiti 16 kwenye jedwali, ndiyo maana zinaingia nne tu za msingi. Kisakinishi cha Windows kinaandika upya programu ya kuwashia bila kuuliza. Ukiweka Linux kwanza kisha ukapiga Windows, Linux haijafutika, ila njia ya kuifikia imefunikwa. Nimeona mafundi wakifomati diski nzima kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi na kusakinisha upya GRUB, programu yake ya kuwashia.

Kwa hiyo utaratibu ni kuanza na mkongwe kuliko yote: XP, kisha Windows 7 kama ipo, kisha Linux mwishoni. GRUB itaziona Windows na kuziweka kwenye orodha. Kabla ya yote washa kompyuta kwa flashi ya Linux na ukate patisheni kwa GParted. XP ikiachiwa ikate yenyewe, inaanzia sekta ya 63, mpangilio wa enzi za diski za zamani unaopunguza kasi ya SSD na kuibania GRUB nafasi. GParted inaanzia megabaiti ya kwanza.

Kisakinishi cha XP kikikatika kwa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, usikimbilie kusema diski imekufa. Mara nyingi XP haina draiva ya AHCI. Ingia BIOS, badili SATA kuwa IDE, endelea. Ukishachagua, usibadilishe tena, maana Windows 7 iliyowekwa kwa hali moja inaweza kukataa kuwaka kwa hali nyingine. Kwenye mashine zenye UEFI, mifumo yote miwili iwekwe kwa hali moja ya kuwashia. Ukichanganya, GRUB iliyowekwa kwa UEFI haitaiwasha Windows 7 iliyowekwa kwa njia ya zamani, na mteja atakuambia umemwibia mfumo wake.

Mafaili ya kazi yasikae ndani ya patisheni ya mfumo wowote. Tenga patisheni ya tatu ya NTFS, ambayo Windows na Linux zote zinaisoma na kuiandika. FAT32 siipendekezi: haipokei faili la kufika GB 4, na haina kumbukumbu ya kujirekebisha umeme unapokatika katikati ya kuandika. Wenye Windows 8 au 10 kando ya Linux wazime ile namna ya kuwaka haraka, kwa sababu inaiacha Windows nusu usingizini. Ukiandika kwenye patisheni zake ukiwa Linux, mafaili yanaweza kuharibika. Na anayeweka XP pamoja na Windows 7 ajue kwamba XP, kila ikiwaka, inafuta alama za kurejesha za Windows 7 isipofichwa patisheni hiyo.

Tatizo la saa

Hakuna mahali Tanzania ambapo saa ya kompyuta inachanganya kama hapa. Ukivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Tangu tarehe 5 Oktoba 2019, Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha mpaka, maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, na muda ulioandikwa kwenye hati una uzito. Sasa ongeza mifumo miwili ndani ya mashine moja.

Linux inatunza saa ya bodi kwa wakati wa dunia, Windows inaitunza kwa wakati wa mahali. Ikiwa ni saa 4 asubuhi Tunduma na ukazima kutoka Linux, bodi inabaki na saa 1. Ukiwasha XP inakuambia ni saa 1 asubuhi, na kwa kuwa tumeitoa kwenye intaneti hakuna wa kuisahihisha. Ankara itakayochapwa hapo imekosewa kwa saa tatu kamili. Ukiisahihisha saa ndani ya XP kisha ukaingia Linux, kosa linageuka upande wa pili mpaka mtandao uirekebishe.

Kwa hiyo, mteja akilalamika kuhusu saa, muulize tofauti ni kiasi gani kabla hujagusa kitu. Ikiwa saa moja, mashine imechukua majira ya Lusaka. Rudisha ya Dar es Salaam na uzime kujibadilisha kwenyewe. Ikiwa saa tatu, mifumo miwili haielewani kuhusu saa ya bodi. Ikiwa ni miaka, betri ya CR2032 imekwisha, na utaona pia tovuti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba cheti cha usalama si halali, kwani kwa hesabu ya mashine hiyo cheti bado hakijatolewa. Wateja wengi wamelipia kupigiwa Windows upya kwa kasoro ya betri hiyo ndogo.

Dawa ya saa tatu ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Waandishi wa miongozo ya nje wanaonya dhidi yake kwa sababu nchi zao husogeza saa mbele na nyuma kila mwaka. Tanzania haifanyi hivyo, basi kwetu sababu yao kubwa haipo.

Pale ambapo mifumo miwili haifai

Sitaki mtoke hapa mkadhani kila mashine iwekwe hivi. Wakala anayejaza TANCIS, kisha anachapa kwenye printa ya zamani, kisha anarudi TANCIS, hawezi kuzima na kuwasha kila mara. Baada ya wiki atakuwa anaingia intaneti kwa XP, na kazi yetu yote itakuwa bure. Mtu huyo afadhali awe na mashine mbili za bei nafuu, ya zamani ikiwa haina waya wa mtandao wala draiva ya Wi-Fi, mafaili yakipita kwa flashi inayokaguliwa upande wa Linux. Kama ana mashine moja yenye ramu ya GB 8, XP iwashwe ndani ya Linux kwa VirtualBox, mtandao wake ukiwa umezimwa. Skana za USB nyingi zinakubali njia hii. Printa ya pini 25 siitegemei humo. Mifumo miwili ya kuchagua wakati wa kuwasha inamfaa anayetumia kifaa cha zamani mara moja kwa siku au kwa wiki, kama karani wa ghala anayepima na kufunga hesabu jioni.

Wengi wataogopa Linux kwa ugeni wake. Nawakumbusha kwamba mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili na kuitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Programu huria zimefanyiwa kazi na Watanzania kwa zaidi ya miaka 20. Linux Mint ya Xfce inatembea vizuri kwenye ramu ya GB 4. Kwa prosesa za biti 32 mlango unafungwa: Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi chake, Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Mashine hizo zibaki za XP tupu, nje ya mtandao.

Utunzaji

Tumezoea kupiga Windows upya kila mashine inapokuwa nzito, mara nyingi kutoka kwenye flashi inayozunguka mjini ikiwa na kiamsha cha bure kinachoomba kwanza uzime kinga ya virusi. Huko ndiko virusi vinakoingilia. Mfumo mkongwe uliowekwa vizuri upigwe picha nzima kwa Clonezilla siku hiyohiyo, pamoja na draiva na programu zake zote, picha ikae kwenye diski ya nje. Ukiharibika unarudisha picha. Draiva za vifaa vya zamani zinapotea mtandaoni mwaka hadi mwaka, basi kila fundi awe na hazina yake, na tuzitunze kwa kushirikiana. Mashine ya mezani iwe na UPS ndogo ya kutosha kuzima kwa utaratibu. Ndani ya kasha bandika karatasi yenye mpangilio wa patisheni, hali ya SATA, namna ya kuwashia na tarehe ya betri.

Kwa kazi ya mikono baada ya chai, kila kikundi kimepewa mashine yenye Windows 7 na mafaili ya majaribio. Anzeni kwa kunakili mafaili, kisha mpige picha ya diski, kisha ndipo mguse patisheni. Mashine ya kikundi cha tatu ina tofauti ya saa. Wanakikundi waseme kasoro iko wapi kabla hawajaifungua.