Nywila, Kanuni Unganifu na Mofolojia ya Kiswahili: Mfano wa Shinyanga na Geita



Mhadhara huu unahusu swali ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi wa kompyuta: nywila imara ni ipi? Hoja yangu ya msingi ni kwamba, kwa mtumiaji wa Kiswahili, swali hilo haliwezi kujibiwa kikamilifu bila mchango wa mwanaisimu.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Mwandishi wa programu haandiki kila kitu upya. Hutumia vipande vilivyokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa katika kile kiitwacho maktaba ya programu. Katika maktaba ya kupimia nywila, kila kanuni hujibu swali moja tu. Je, herufi zimefika nane? Je, ipo herufi kubwa? Je, ipo tarakimu? Kisha kanuni hizo huunganishwa kwa maneno matatu: na, au, si. Kwa njia hiyo, hospitali na shule zaweza kutumia kanuni zilezile, kila moja ikiziunganisha kwa kadiri ya mahitaji yake.

Sasa tupime nywila Dhahabu2019! kwa kanuni hizo. Ina herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama ya mshangao, inafaulu. Lakini katika ukanda ambako mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na soko la dhahabu likafunguliwa mjini Geita Machi 2019, ni nani asiyeweza kuibahatisha? Mwenye kuumia ni mfanyabiashara mdogo aliyeambiwa na kompyuta kwamba akaunti yake iko salama.

Mwaka 2017, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri kuacha kulazimisha mchanganyiko wa herufi na alama. Badala yake, nywila ilinganishwe na orodha ya maneno yaliyozoeleka. Swali linalofuata ni letu: maneno ya lugha gani? Maktaba ya zxcvbn, iliyotolewa na kampuni ya Dropbox mwaka 2012, ilijengwa juu ya orodha za Kiingereza na majina ya Wamarekani. Kipimo kisicho na neno dhahabu katika orodha yake huliona kama herufi saba zilizookotwa ovyo, yaani uwezekano unaozidi bilioni 8. Mdukuzi mwenye kamusi ya vidahizo 20,000 anahitaji majaribio 20,000 tu.

Hata hivyo, kuingiza kamusi peke yake hakutoshi. Kidahizo ni chimba. Watu huandika tulichimba, wamechimbiana, hatukuchimbisha. Kitenzi cha Kiswahili chenyewe ni muungano wa kanuni: kiambishi cha nafsi, cha wakati, mzizi, kinyambuzi na kiishio. Kanuni ya kupima nywila haina budi kukichanganua hivyo. Msingi upo: mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya mfumo wa kikompyuta wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili.

Aidha, Kiswahili cha Shinyanga na Geita kinaishi pamoja na Kisukuma. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na Shija ni la mtoto anayewafuata. Mwenye kujua jina la mmoja amekwisha kukisia ya wenzake. Kwa hiyo orodha ya majina ya Kisukuma yafaa iwe kanuni inayojitegemea, ili mfumo wa Geita uiunganishe na ya Kiswahili, na wa Pemba uweke yake.

Wengine hushauri nywila iwe sentensi ndefu. Ushauri huo una kasoro yake: katika mtoto mdogo mzuri, upatanisho wa kisarufi umekwisha kumwambia mdukuzi kiambishi kinachofuata. Afadhali maneno manne yaliyochaguliwa kwa kura, yasiyofungamana kisarufi.

Wanafunzi wa isimu, kazi hii inawasubiri. Orodha za maneno, za viambishi na za majina ya makabila yetu ni matunda ya utafiti wa kawaida wa idara hii. Zikiandaliwa vizuri, zitamlinda mtu ambaye pengine hatasoma tasnifu zenu kamwe.